Kompyuta Inaganda Ukisevu: Ukaguzi Upi wa Kuondoa, Upi wa Kuacha

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale: "Fundi, mashine imekuwa nzito, nikisevu inaganda." Yanatoka kwenye ofisi za Mtumba hapa Dodoma, ambako watu kumi wanasevu kwenye folda moja ya seva. Yanatoka kwenye steshenari za jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambako flashi za wanafunzi huingia na kutoka kutwa nzima. Yanatoka kwenye maghala ya nafaka Kibaigwa, ambako programu ya mauzo inamngojesha mteja kabla ya kutoa risiti. Mara nyingi diski ni nzima kabisa. Kinachochelewesha ni foleni ya ukaguzi ambayo kila faili hupangwa kabla ya kuandikwa.

Antivairasi huikagua faili. Programu hudai uthibitisho kwamba data imefika diskini. Mfumo wa faili huandika kwanza kwenye jenali, yaani daftari la mabadiliko ambalo hulisoma baada ya ajali ili kujua kazi ilifikia wapi. Kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ina taratibu zake, na diski ina zake. Ukaguzi mwingine unarudia kazi ambayo tayari imefanywa na mwenzake, na huo ndio wa kuondoa. Mwingine unaonekana kama marudio, kumbe ndio pekee unaolinda faili umeme ukikatika. Huo usiuguse hata ukiahidiwa kasi ya namna gani.

Kabla ya kubadili chochote

Fanya bekapu kwenye diski nyingine, kisha uichomoe. Halafu pima, maana bila namba ya kabla huwezi kujua kama umetengeneza au umeharibu.

Kwenye Linux, pima mara mbili ndani ya folda yenye tatizo:

`dd if=/dev/zero of=jaribio.bin bs=1M count=1024 conv=fdatasync`

`dd if=/dev/zero of=jaribio2.bin bs=4k count=1000 oflag=dsync`

Jaribio la kwanza linaandika GB 1 mfululizo. Diski ya kuzunguka ya 7200 (mizunguko kwa dakika) hutoa takriban MB 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA, isiyo na sahani ya kuzunguka, hutoa 400 hadi 500. La pili linaandika vipande 1000 vidogo, na kila kimoja kinasubiri kifike diskini kweli. Kwenye diski ya kuzunguka, zaidi ya sekunde 10 ni kawaida. SSD nzuri humaliza kwa sekunde chache. La kwanza likitoka vizuri na la pili likasuasua, shida iko kwenye kusubiri uthibitisho. Yote mawili yakiwa mabaya, ishuku diski, waya au nafasi iliyojaa. Kwenye mifumo ya faili ya ZFS au Btrfs yenye mgandamizo jaribio la kwanza hudanganya, kwa sababu sifuri tupu hugandamizwa hadi karibu kuisha. Tumia faili halisi, kwa mfano video.

Kwenye Windows, fungua `cmd` kama msimamizi na uandike `winsat disk -seq -write -drive d`. Kisha fungua `resmon`, sehemu ya diski, utazame ni programu ipi inaandika na ipi inasoma wakati unasevu.

Dalili ya 1: Faili moja kubwa linakwenda vizuri, faili ndogo nyingi zinakwama

Video ya GB 2 inanakiliwa kwa dakika moja, lakini folda ya nyaraka 8,000 zilizoskaniwa, yenye ukubwa uleule, inamaliza mchana mzima.

Sababu inayoongoza kwenye Windows ni antivairasi, na hasa mbili kwa pamoja. Kompyuta ilinunuliwa ikiwa na antivairasi ya majaribio, muda wake ukaisha, akaja mtu akaweka nyingine bila kuitoa ile ya kwanza. Kila faili sasa linafunguliwa na kusomwa mara mbili kabla halijatulia. Haya ni marudio halisi: bakiza moja, ondoa nyingine kabisa kwa programu ya kuiondolea inayotolewa na mtengenezaji wake, kisha washa mashine upya. Kuzima kialama chake pale chini pembeni hakutoshi, kwa sababu kiendeshi chake kinabaki ndani ya mfumo.

Ikibaki moja na `MsMpEng.exe`, yaani antivairasi ya Windows yenyewe (Defender), bado inaonekana juu kwenye `resmon` kila ukisevu, itoe folda ya kazi kwenye ukaguzi wa papo hapo. Fungua PowerShell kama msimamizi:

`Add-MpPreference -ExclusionPath "D:\Mauzo\Data"`

Toa folda ya kanzidata peke yake, ambayo haipokei faili kutoka nje. Folda ya vitu vilivyopakuliwa, folda ya mezani na herufi za flashi ziache zikaguliwe. Mwenye steshenari asikubali ushauri wa kuacha flashi bila ukaguzi: kirusi kinachogeuza folda kuwa njia za mkato kikiingia asubuhi, hadi jioni kimeshapanda kwenye flashi ya kila mteja aliyefika.

Kwenye Linux, kwanza soma jinsi mfumo ulivyopachikwa:

`findmnt -o TARGET,FSTYPE,OPTIONS`

Ukiona neno `sync` kwenye diski ya kawaida, umempata mhalifu. Neno hilo linalazimisha kila maandishi yasubiri diski, hata yale ambayo programu haikuomba yasubiriwe. Programu inayojali data yake tayari huomba uthibitisho inapouhitaji, kwa hiyo hapa unaulizwa swali moja mara mbili. Liondoe kwenye `/etc/fstab`, kisha `mount -o remount,async /njia`. Ukiona `data=journal` kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, ujue kila kitu kinaandikwa mara mbili, kwanza kwenye jenali kisha mahali pake. Hali ya kawaida ni `data=ordered`, ambayo huweka kwenye jenali taarifa za faili tu, na inatosha kwa kazi za ofisi. Badiliko hili halikubali `remount`: hariri `fstab`, kisha washa upya. Ukiona `discard`, itoe na uwashe `fstrim.timer`, ifagie SSD mara moja kwa wiki badala ya kila faili linapofutwa.

Wengi wataanza kukushauri uweke `noatime`. Haidhuru, ila usitegemee makubwa. Tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009 hali ya kawaida ni `relatime`, ambayo imeshapunguza sana uandishi wa saa ya kusomwa. Utaona tofauti tu kama mtu aliweka `strictatime`.

Kama kazi yenyewe ni kuhamisha faili ndogo mara moja, zifunge kwanza ziwe faili moja kwa `tar` au zip, uhamishe, ufungue huko ziendako.

Dalili ya 2: Programu ya mauzo au kanzidata inakwama kila rekodi inapohifadhiwa

Hapa ndipo kuna kasi kubwa ya kupata, na ndipo watu wanapoharibu data zaidi.

Diski ya 7200 huzunguka mara 120 kwa sekunde. Muamala unaotaka uthibitisho wa kweli hauna budi kungoja sahani izunguke, hivyo diski hiyo hubeba miamala makumi kadhaa tu kwa sekunde hata kama kila mmoja ni baiti mia. Programu inayoingiza magunia 500 ya mahindi, mstari mmoja mmoja, kila mstari na muamala wake, inaomba uthibitisho mara 500. Kosa hapo ni la programu. Dawa ni kuizungushia kazi nzima `BEGIN` na `COMMIT` moja: ukaguzi 499 umeondoka na usalama haujapungua, tena umeongezeka, kwa sababu shehena sasa inaingia yote au haiingii kabisa. Mwambie aliyeandika programu afanye hivyo kabla hujagusa mpangilio wowote wa seva.

Baada ya hapo, kwa SQLite:

`PRAGMA journal_mode=WAL;`

`PRAGMA synchronous=NORMAL;`

Kwa mpangilio huu umeme ukikatika kanzidata haiharibiki, ila miamala ya mwisho kabisa inaweza kupotea. Kumbuka kwamba `synchronous` huwekwa upya kila programu inapofungua kanzidata, kwa hiyo lazima iwe ndani ya programu. WAL pia inataka watumiaji wote wawe kwenye mashine moja. Kama duka lina kompyuta tatu zinazofungua faili moja la SQLite kupitia folda ya mtandao, usiiwashe. Mpangilio huo wa duka wenyewe unahitaji kubadilishwa uwe na seva ya kanzidata.

Kwa MySQL au MariaDB, tazama `innodb_flush_log_at_trx_commit`. Thamani 1 husubiri diski kila muamala. Thamani 2 huisukuma diskini mara moja hivi kwa sekunde, na umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya takriban sekunde moja. Kwa rejista ya wageni au matokeo ya mitihani yaliyo pia kwenye karatasi, 2 inavumilika. Kwa wakala wa fedha au duka linalotoa risiti, acha 1: mteja ameshaondoka na risiti mkononi, na rekodi yake haipo.

Kwa PostgreSQL, `synchronous_commit=off` ni ya aina hiyohiyo. Inaweza kupoteza miamala ya sehemu ya sekunde lakini haivurugi kanzidata. Tena unaweza kuiweka kwa muamala mmoja mmoja, ukayaacha malipo yaendelee kusubiri diski na kuitumia kwenye kumbukumbu za nani ameingia saa ngapi. Ila `fsync=off` ni jambo jingine kabisa. Hiyo inavunja mpangilio wa maandishi, na umeme ukikatika kanzidata nzima inaweza kukataa kufunguka.

Kuna marudio mawili ya kweli ambayo mafundi wachache huyajua. La kwanza: InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL na MariaDB, huandika kila ukurasa (kipande cha data) mara mbili ili ukurasa usibaki nusu baada ya ajali. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, kwa hiyo ukurasa nusu hautokei endapo `recordsize` imewekwa 16K sawa na ukurasa wa InnoDB. Hapo tu unaweza kuweka `innodb_doublewrite=0`. Kwenye ext4 na XFS kinga hiyo haina mbadala, iache. La pili: kwenye Btrfs, mfumo wa faili huweka alama ya uhakiki (checksum) kwa kila kipande, na kanzidata nayo inaweka yake. Unaweza kutengeneza folda mpya tupu, ukaipa `chattr +C`, halafu ukahamishia kanzidata humo kwa kuinakili, baada ya kuizima. Faili zilizokuwepo kabla hazibadiliki. Usifanye hivyo kama Btrfs yako ni RAID 1, yaani data ileile kwenye diski mbili, kwa sababu bila alama zile haiwezi kujua nakala ipi ndiyo nzima.

Simama hapa na umwite mtaalamu kama kanzidata imeanza kutoa ujumbe wa kurasa mbovu. Usijaribu kuirekebisha mahali ilipo. Izime, nakili folda yote ilivyo, na kazi zote zifanyike kwenye nakala.

Dalili ya 3: Flashi au diski ya nje inaanza kwa kasi, kisha inashuka

Anza na tundu. Ukichomeka flashi ya USB 3 kwenye tundu la USB 2, utapata MB 30 hadi 40 kwa sekunde, ukijitahidi sana. Hapo hakuna ukaguzi wa kuondoa. Pili ni flashi yenyewe: nyingi zina sehemu ndogo ya haraka, na ikijaa, kasi halisi ndiyo inayojitokeza. Kama ni ya bei ya kushangaza, ipime kwa `f3write` na `f3read` kwenye Linux au H2testw kwenye Windows. Flashi bandia hujitangaza kuwa na GB 256 huku ndani ina chache, na faili zinazozidi hapo hupotea bila ujumbe wowote.

Kwenye Linux kuna lalamiko jingine: kunakili kumefika asilimia 100, lakini kutoa flashi kunachukua dakika tano. Data bado iko kwenye RAM. Punguza kiasi kinachoruhusiwa kusubiri humo:

`sysctl vm.dirty_background_bytes=16777216`

`sysctl vm.dirty_bytes=67108864`

Jumla ya muda itabaki ileile, ila mstari wa maendeleo utasema kweli na mteja hatachomoa mapema.

Windows ina chaguo la kuharakisha diski ya nje kwa kuweka maandishi kwenye kumbukumbu ya muda. Kwa diski ya bekapu inayokaa ofisini na kutolewa kwa utaratibu, iwashe. Kwa steshenari, iache. Mteja anayewahi daladala ya Nkuhungu hatasubiri ubonyeze kutoa.

Kwenye bekapu za usiku, angalia kama mtu ameweka `-c` kwenye `rsync`. Wengi huiweka wakidhani ndiyo inayohakikisha faili limefika salama. Si hivyo. `rsync` tayari hulinganisha alama ya uhakiki ya kila faili inalohamisha, bila kuombwa. `-c` kazi yake ni kuamua faili lipi lihamishwe, na kwa ajili hiyo inasoma kila faili pande zote mbili, hata zile ambazo hazijaguswa tangu mwaka juzi. Iondoe kwenye bekapu ya kila siku, na bekapu iliyokuwa ikichukua muda wa saa sita inaweza kushuka hadi dakika. Mara moja kwa mwezi iendeshe na `-c` pamoja na `-n -i`, yaani itaje tofauti bila kunakili chochote, usiku wa Jumamosi, ili kukamata faili lililooza diskini bila tarehe yake kubadilika.

Dalili ya 4: Seva ilikuwa haraka, umeme ukakatika, sasa imekuwa nzito

Kwanza `cat /proc/mdstat`. Ukiona `resync` na asilimia, RAID inalinganisha diski baada ya ajali. Iache imalize. Ikiwa huwa inalinganisha diski nzima kila umeme unapokatika, haina ramani ya sehemu zilizokuwa zinaandikwa. Iongezee:

`mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0`

Safari ijayo italinganisha zile sehemu tu. Ukiona `check` badala ya `resync`, huo ni ukaguzi wa kila mwezi. Debian na jamaa zake huupanga Jumapili ya kwanza ya mwezi. Usiufute. Ndio unaogundua sekta mbovu katika faili ambazo hakuna anayezisoma. Kama unagongana na kazi, upunguze kasi kwa `sysctl dev.raid.speed_limit_max=50000` au usogeze saa yake, na hakikisha bekapu na jaribio refu la SMART (diski kujipima yenyewe) haviangukii usiku huohuo.

Pili, kwa seva yenye kadi ya RAID, tazama betri ya kadi. Betri ikifa, kadi huacha kujibu "nimeandika" kabla data haijafika diskini, na kasi hushuka ghafla. Kwenye kadi za LSI, `storcli /c0/vall show` itaonyesha WT (inasubiri diski) mahali palipokuwa na WB (haisubiri). Kadi imefanya uamuzi sahihi. Kuna mpangilio wa kuilazimisha irudi kwenye kasi ya zamani bila betri; asikushawishi mtu. Nunua betri.

Tatu, `dmesg | tail -50` na `smartctl -a /dev/sda`. `UDMA_CRC_Error_Count` inayoendelea kupanda mara nyingi ni waya wa SATA: zima, chomoa, puliza vumbi, badilisha waya. Vumbi la kiangazi cha Dodoma huziba pia feni na matundu ya hewa. `Current_Pending_Sector` au `Reallocated_Sector_Ct` ikipanda, au diski ikigonga tak-tak, acha kila kitu. Usiendeshe `fsck` kwenye diski inayokufa, kwa sababu itaandika juu ya kile ulichotaka kuokoa. Ichomoe, umpe mtaalamu mwenye `ddrescue`. RAID iliyopoteza diski moja usiijaribie mpangilio wowote wa kasi hadi diski mpya imalize kujengwa.

Nne, nafasi. `df -h` na `df -i`. Ikizidi asilimia 90, futa au hamisha.

Dalili ya 5: Kwenye kompyuta yenyewe ni haraka, kwenye folda ya pamoja ni polepole

Pima mtandao kwanza kwa `iperf3`. Ukipata megabiti 94 hivi kwa sekunde kwenye vifaa vya gigabiti, kuna waya mbovu au swichi ya zamani katikati, na diski haina kosa.

Mtandao ukiwa mzima, soma mpangilio wa Samba kwa `testparm -v | grep sync`. `sync always = yes` ni marudio, iweke `no`. `strict sync = yes` iache, kwa sababu inasubiri diski pale tu programu ya mtumiaji inapoomba. Kwa NFS, `exportfs -v`: ukiona `async`, seva inasema imeandika wakati haijaandika, na ikianguka watumiaji hawatajua walichopoteza. Irudishe `sync`, hata kama utapunguza kasi.

Usizime kamwe

`barrier=0` au `nobarrier` kwenye ext4, `sync=disabled` kwenye ZFS yenye kanzidata, `fsync=off`, kuondoa jenali kwa `tune2fs`, na kile kisanduku cha Windows kinachozuia diski isimwage kumbukumbu yake ya muda. Sababu yake ni moja. Diski hupanga maandishi upya ndani yake ili iende haraka. Bila amri ya kumwaga, jenali inaweza kusema "faili limekamilika" wakati lenyewe bado halijaandikwa. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili lenye ukubwa sahihi na ndani takataka.

"Lakini tuna UPS." UPS haizuii mashine kuganda, wala mtu kukwaa waya. Betri zake za risasi hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba cha seva kisicho na kiyoyozi mwezi Oktoba hapa kinapita hapo kwa mbali. UPS inayolia na kuzimika baada ya sekunde tano ni ya kawaida kuliko wenye ofisi wanavyodhani. Ijaribu kwa balbu za wati zinazolingana na seva, wakati seva imezimwa.

Ukimwita mtaalamu

Badilisha kitu kimoja, pima, andika kwenye daftari la seva tarehe, mpangilio wa zamani, mpya, na namba ulizopata. Ukiona umefika pa kusimama, mkabidhi fundi daftari hilo pamoja na matokeo ya `dmesg`, `smartctl -a`, `findmnt` na `cat /proc/mdstat`, yakiwa kwenye flashi nyingine na si kwenye diski inayoumwa. Mwambie pia bekapu ya mwisho ni ya lini, na kama kuna mtu aliwahi kujaribu kuifungua.